Baridi Iliyoua Chambo

Mtu akikuambia Riyadh ni joto tu, mwambie aende akakae huko mwezi wa kwanza. Kuna asubuhi nilikuwa nashika usukani vidole havisikii kitu. Mimi ni mtu wa ziwani, upande wa Busia, na kwetu baridi ni mvua ikinyesha jioni, unavaa sweta, unakunywa chai, basi. Ya Riyadh inaletwa na upepo mkavu kutoka kaskazini, inakuingia kwenye mifupa, na jua liko pale pale juu linawaka bure. Nisingekuwa na haja ya kuizungumzia, maana baridi ni baridi. Lakini hii iliniingilia maisha yangu.

Nilikuwa dereva wa familia moja ya Riyadh, mtaa wa Malaz. Bosi alikuwa mtu wa Jedda aliyeletwa Riyadh na kazi ya ofisi, na hakuwahi kuusamehe mji huo kwa kukosa bahari. Dawa yake aliipata kusini, kule bondeni ambako maji ya mji mzima hupelekwa yakishasafishwa. Watu hawaamini nikiwaambia, lakini yapo maji yanatiririka pale mwaka mzima, matete yamesimama kando, na kila ukienda mbele unakuta ukuta wa mawe umeyazuia yakawa bwawa. Ndani mna ngege, wale ambao Waarabu huwaita bulti, na mna kambare wa kutisha, mwingine urefu wa mguu wa mtu mzima. Ijumaa ikifika, bosi akitoka msikitini tu, ananipungia mkono: yalla, twende.

Kazi yangu pale ilikuwa chambo. Ninakunja suruali, ninaingia kwenye kina kifupi na kipande cha chandarua, ninateka vitoto vya ngege vya urefu wa kidole, ninavitia kwenye ndoo vikiwa hai. Bosi anamtoboa mmoja mgongoni na ndoana, anamwachia aogelee karibu na ukuta, na kambare akimwona hajiulizi mara mbili. Hakuwa anakula hata mmoja wa hao samaki. Alitaka kuvutana nao tu, apigwe picha, kisha amwachie Mmisri mmoja mzee aliyekuwa akivua pale kila wiki na kiti chake cha plastiki. Siku akivuta kambare mkubwa, bosi alirudi nyumbani mtu mwingine, anaimba ndani ya gari, ananipa juisi, anauliza habari za kwetu.

Dereva aliyenikabidhi funguo za gari hilo, Mkenya mwenzangu aliyekuwa anarudi nyumbani kabisa, alikuwa ameniachia neno moja. "Huyu mtu si mbaya," aliniambia. "Lakini usimwombe kitu akiwa hajavua. Akisema la, ni la mpaka kiama." Nikadhani ananitania. Halafu nikamwona kwa macho yangu mwenyewe akimnyima yule msichana wa Kiindonesia wa jikoni ruhusa ya kwenda kumwona binamu yake, jioni moja tuliyorudi mikono mitupu, na msichana alipoomba tena wiki iliyofuata aliambiwa, "Si nilishakujibu?" Mimi blanketi langu zuri, simu yangu, hata kazi ya dada yangu, vyote nilivipata jioni za kambare. Sasa ungekuwa wewe, ungefanyaje? Si ungejifunza?

Kazi ya dada, ndiyo. Dada yangu ndiye kifungua mimba, na mdomo wake unajua hilo. Nilimwombea kazi kwa bosi, na bosi akampeleka kwa dada yake mwenyewe, Jedda, mtaa wa Aziziya. Dada yangu alikuwa bado mgeni kabisa katika nyumba ile, hata viatu vyake havijachakaa. Tulikuwa tunaongea kwa simu alasiri, akiwa anapiga pasi, ananiuliza nimekula nini utadhani bado ananivalisha kaptura ya shule.

Na ni yeye aliyenipigia akalia kwanza kabla ya kusema. Mama alikuwa na uvimbe kooni. Ulianza kama mkwaruzo, tukasema ni mafua, tukasema ni moshi wa jikoni, mpaka daktari wa Kisumu akatazama na kamera yake akasema lazima ukatwe, na haraka. Akasema pia kwamba akishakatwa, sauti yake huenda isirudi.

Basi mama akakataa. Hakukataa kisu, alikataa kukatwa kabla hajasema na mimi. "Kuna neno nataka kukuambia, baba," aliniambia kwenye simu, maana mimi nina jina la baba yake mzazi na hajawahi kuniita vingine. "Uje nikuambie kwa mdomo wangu. Baada ya hapo wanikate wanavyotaka."

"Niambie sasa hivi, mama. Nakusikia vizuri."

"Hilo si la simu."

Na ungeijua ile simu usingemlaumu. Ni ya shangazi, spika ya ndani ilishakufa, kwa hiyo inaongea kwa sauti ya kusikika boma zima, na nyuma ya mama nilikuwa nasikia watu wakikohoa, kuku, mtu akiuliza kama ni mimi. Dada alijaribu kuambiwa yeye. Akajibiwa kwamba ni la kwangu. Aliumia, nilijua, ingawa alijitia kucheka: "Haya bwana, baba wa mama, nenda ukaambiwe siri. Sisi wengine tuliokotwa."

Kwenda ndiyo ilikuwa kazi. Miaka yangu ya mkataba ilikuwa haijatimia, kwa hiyo likizo haikuwa haki yangu, ilikuwa hisani. Na Saudia hutoki mpaka kafili, yaani huyo huyo aliyekuajiri, akutolee viza ya kutoka na kurudi. Bila hiyo unaweza kwenda uwanja wa ndege ukatazame ndege zinavyoruka. Nikapiga hesabu yangu ya kichwani. Lazima nimwombe bosi mara moja tu, na mara hiyo lazima iwe jioni ya kambare. Nikiomba vibaya, mama atangoja mtu ambaye haji, na ule uvimbe hautamngoja yeye. Nikajiambia, Ijumaa hii hii.

Ijumaa hiyo ndipo tulipofika bondeni tukakuta maji meupe. Nilidhani ni povu. Nikashuka na ndoo yangu, nikaona kumbe ni matumbo. Vitoto vya ngege, maelfu, vimekufa vimelala ubavu, upepo umevisukuma mpaka kwenye ukuta vikajazana pale tabaka juu ya tabaka. Bosi akajifunika pua na shemagi yake, kile kitambaa chao cha kichwani. "Sumu," akasema. "Mtu ametia sumu."

Mimi nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi, na hapa ndipo mtu wa ziwani alipojiponza. Kwetu kuna siku ziwa linageuka, maji ya chini yanakuja juu, na samaki wadogo wanaelea kwanza. Wakishaelea hao, jua wakubwa wako nyuma yao, wanakuja juu midomo wazi wakitafuta hewa, na akina mama wanakimbia na mabeseni, watoto hawaendi shule, mbuta, yule sangara mkubwa, unamshika kwa mikono. Kwangu mimi samaki wadogo waliokufa ni habari njema. Nikamgeukia bosi na meno yote nje.

"Bosi, furahi! Hii si sumu. Kwetu ikiwa hivi, wiki ijayo tunavua mpaka mikono inauma."

"Wallahi?"

"Wallahi," nikasema, mimi Mkristo wa watu.

Akacheka. Hatukuvua siku hiyo, maana hapakuwa na chambo hai cha kuteka na harufu ilimshinda, lakini alirudi akiwa na matumaini, anapiga simu kwa marafiki. Nami nikampigia dada: Ijumaa ijayo naomba, na ninapewa. Dada akampigia shangazi, shangazi akamwambia mama, mama akawaambia watu wa hospitali kwamba mwanawe yuko njiani. Neno langu moja la ukingoni likafika Kisumu kabla hata sijakaa kitako.

Ijumaa iliyofuata bosi alikuja na wageni wawili wa ofisini, mazulia, chupa za kahawa, tende, majoho ya manyoya. Msimu wa baridi ndio wao hutoka kwenda kukaa nje, na bosi alikuwa amewaahidi kambare. Nikatazama maji. Kambare walikuwepo, wacha mchezo! Unawaona wakipita chini ya ukuta, weusi, wanene, matumbo yamejaa. Nikatafuta chambo nikakosa, nikaenda mpaka kule bomba linakomwaga maji yaliyo vuguvugu kidogo, nikapata vitoto vichache vilivyojikunyata pale vikiwa hai. Nikavibeba kwa uangalifu wote. Bosi akamtia mmoja kwenye ndoana, akamtupa, na kale kasamaki kakageuka mara moja tu kakalala ubavu kama wenzake.

Tukamngoja kambare. Kambare akapita, akanusa, akaenda zake. Mwingine naye hivyo hivyo. Wageni wakaanza kuzungumza habari za ofisi.

Nikamwendea yule Mmisri. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake bila hata kutega, anakunywa chai. "Unataka nini?" akaniambia. "Ni baridi imewaua. Bulti hawawezi baridi, wadogo ndio kabisa. Kila mwaka ni hivi, baridi kali ikipiga ghafla. Sasa hao wakubwa wanakula bure pale chini, karamu imetandikwa. Watakifuata chuma chako kwa nini?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka waishe."

Kwetu ziwa halijui baridi. Mimi nilikuwa nimesoma kifo cha kwetu katika maji ya watu wengine. Nikarudi nikiwaza haraka haraka, nikakumbuka sabuni. Usicheke. Kwetu wanaotega kambare kwa kamba ndefu huweka vipande vya sabuni ya mche, ile ya kufulia, na kambare anaipenda, sijui anaipendea nini. Nikakimbia na gari mpaka bakala, kiduka cha karibu, nikapata ya miche, nikakata kipande nikakitia kwenye ndoana mbele ya wageni.

"Nini hiyo?" bosi akauliza.

"Sabuni, bosi. Kwetu..."

Mgeni mmoja akaanguka kwenye zulia kwa kicheko. "Dereva wako anataka kuwafulia!" Mwenzake akauliza kama kambare wa Kenya huoga kabla ya kula. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bosi hakucheka. Alitupa ile ndoana, akangoja kwa heshima yake tu, na sabuni ikayeyuka majini bila kuguswa. Ndani ya gari aliwasha redio akageukia dirisha, na ile sentensi ya Kiarabu ya kuomba ruhusa, niliyoikariri wiki nzima, nikarudi nayo Malaz vile vile.

"Umesema?" dada aliuliza jioni ile ile.

"Bado."

"Bado nini? Bado ulimi haujaota?"

"Dada, humjui huyu mtu. Leo nimemwaibisha mbele ya wageni wake. Nikimwomba leo nimeizika safari kwa mikono yangu."

"Na mama nimwambie nini?"

Nikamwambia amwambie nimekaribia. Haki, ndivyo nilivyosema, nimekaribia. Na kuanzia hapo kila nilipopiga, shangazi alichukua simu na kuniambia, "Anauliza umefika wapi," kwa sababu mama sauti ilikuwa imeshuka, ikawa mnong'ono ambao ile simu haikuweza kuubeba. Nilikuwa namsikia kwa mbali akivuta pumzi. Nami najibu, "Nimekaribia, mwambieni nimekaribia," nikiwa nimekaa chumbani kwangu kando ya gereji, viatu miguuni, siendi popote.

Nikawa mtu wa ajabu. Nikiamka, jambo la kwanza ni kutazama hali ya hewa kwenye simu, nione usiku umeshuka kiasi gani. Nikimpeleka madam, mke wa bosi, sokoni, nasikiliza upepo. Nikitumwa kazi yoyote upande wa kusini, nachepuka mpaka bondeni kukagua maiti. Ndiyo, nilikuwa nakagua maiti za samaki. Nasimama juu ya ukuta, naangalia kama wamepungua, kama kunguru wamewamaliza, kama kambare wameanza kuzungukazunguka kwa njaa. Bosi anapoenda msikitini, mimi nabaki kwenye gari nasali sala yangu, na sikuwa naombea koo la mama. Nilikuwa naomba samaki.

Wiki moja nikaona maji yamekuwa meusi tena, safi, na kambare mmoja akaruka kabisa. Nikarudi nyumbani nasema, halas, yamekwisha, Ijumaa hii imetimia. Alhamisi ukaingia upepo mwingine wa kaskazini, mbaya kuliko ule wa kwanza, ukaua hata vile vilivyokuwa vimejibanza kwenye bomba. Nilipofika nikakuta ukuta mweupe upya. Nililia. Mtu mzima, ndevu zangu, funguo za gari za watu mkononi, nimesimama mchana kweupe nalilia vitoto vya ngege, na yule Mmisri akageuza kiti chake aangalie upande mwingine ili asinione.

Bosi naye alikuwa amechoka. Shule zilipofungwa alisema bonde limekufa, tunaenda Jedda, bahari haijui baridi. Madam na watoto wakapanda ndege. Mimi na yeye tukaenda kwa gari, fimbo zake za kuvulia zimelala viti vya nyuma. Ni safari ya siku nzima, jangwa mkono huu na jangwa mkono huu, na bosi alikuwa mchangamfu, anakula mbegu za alizeti, ananieleza samaki wa bahari walivyo wajanja kuliko wa bondeni. Mara ngapi nilifungua mdomo! Kwenye kituo kimoja cha mafuta nilikuwa nimeshasema "Bosi," ameshageuka kunitazama, na mimi nikaona zile fimbo kavu nyuma yake, nikauliza kama anataka maji.

"Maji nitakunywa Jedda," akasema.

Tulifika Aziziya siku ya pili asubuhi, nyumbani kwa dada yake. Nikapitia mlango wa nyuma. Dada yangu alikuwa jikoni anakata vitunguu, amevaa mtandio usiokuwa wake, amekonda. Hatukukumbatiana, nyumba ya watu. Alinishika tu mkono juu ya kiwiko akauminya mpaka nikahisi kucha.

"Umesema?"

"Kesho anaenda baharini. Dada, huku samaki wapo. Akivua tu mmoja..."

Aliniangalia. Nilidhani atafoka, nikajiandaa kufokewa. Lakini alisema polepole sana, na hilo lilinitisha zaidi. "Jana shangazi aliweka simu mdomoni mwa mama. Sikusikia kitu. Nilisikia upepo tu. Wewe unangoja samaki, mama anaisha."

Akafuta mikono, akachukua sinia la kahawa, akaingia sebuleni. Nilijua anaenda kufanya nini. Nilitaka kumvuta nikashindwa. Nikabaki pale kando ya jiko nasikia vikombe vikigusana, kisha sauti ya dada yangu na Kiarabu chake kilichovunjika, kisha sauti ya madam wake, dada wa bosi. Nikasema basi. Amemaliza. Ameomba asubuhi, bosi hajavua hata dagaa, na ikishakuwa la ni la. Nilimchukia dada yangu, kwa muda ule mfupi, kwa moyo wangu wote.

Bosi akatokea mlango wa jikoni miguu mitupu. Sijawahi kumwona miguu mitupu nje ya msikiti.

"Mama yako mgonjwa?"

"Ndiyo, bosi."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ianze."

"Kwa nini hukuniambia?"

Ningeweza kudanganya. Sikuwa na nguvu. "Nilikuwa nangoja uvue, bosi. Ukivua unafurahi."

Alinitazama, akamtazama dada yangu aliyekuwa amesimama nyuma yake na sinia tupu, akanitazama tena. Nilingoja akasirike. "Nyinyi," akasema, akasita. "Kwani mimi ni mtu wa namna gani kwenu?"

Akatoa simu mfukoni, akavaa miwani, akabonyeza hapa, akabonyeza pale kwa dole gumba, akamuuliza dada yake neno la siri la intaneti ya nyumba, akabonyeza tena. Simu yangu ikalia mfukoni. Ilikuwa viza, maana kule kafili huitoa kwa simu yake tu. Kitu nilichokizunguka msimu mzima kilitoka pale kando ya vitunguu, na kahawa haijapoa. Bosi akasema, "Mwambie mama yako salamu," akarudi ndani.

Watu huniambia, unaona, ungeuliza mapema. Labda. Lakini yule msichana wa Kiindonesia aliuliza mapema, nikaona alichopata. Labda kule bondeni, mbele ya wageni na sabuni, angesema la, na leo ningekuwa na hadithi nyingine ya kulia. Labda ilihitaji aombwe na mwanamke, mbele ya dada yake, katika mji aliokulia. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sijui, na hakuna wa kuniambia.

Niliruka kutoka Jedda kesho yake. Dada alinifungia kanga mpya kwenye mfuko, ya mama, akanisindikiza mpaka getini ambapo yeye huishia. "Akikuambia, na mimi utaniambia?" aliuliza. Hakutania safari hii. Nikamwambia nitamwambia kila kitu, neno kwa neno.

Nilipotua Kisumu nilimkuta binamu yangu ananingoja, na niliposoma uso wake niliuliza swali moja tu, akasema, "Yupo, yupo. Twende." Njiani akanieleza. Asubuhi ile ile nikiwa angani pumzi ilimkata mama kabisa, uvimbe umeziba, na madaktari hawakuwa na muda wa kumngoja mtu yeyote. Walimtoboa koo apate hewa. Hewa alipata. Sasa ilikuwa inapita kwa bomba dogo lililofungwa shingoni, haifiki mdomoni tena.

Alikuwa amekaa kitandani akiegemea mito, mdogo, macho mlangoni. Aliponiona alinyoosha mikono yote miwili. Nilipiga magoti nikaweka kichwa changu pale kifuani kwake, nikasikia lile bomba likikoroma, na akanishika mashavu akaniinua uso ili nimtazame. Kisha akasema. Alisema kwa midomo, polepole, sentensi nzima, akaisimamisha katikati akameza mate kwa shida, akaendelea mpaka mwisho. Hakuna kilichotoka. Nikasema, "Mama, sijaelewa. Ni shamba?" Akatikisa kichwa. "Ni dada?" Akatikisa. Hakujifunza kuandika, mama yangu. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, mishipa imemtoka, na mimi nimekodoa macho kwenye ile midomo iliyonifundisha kuongea nikashindwa kuokota hata neno moja.

Alikuwa amechoka. Niliona kwamba ataanza tena mara ya tatu na kwamba hataweza. Nikamshika mikono, nikamwambia, "Ndiyo, mama. Nimesikia. Nitafanya." Akanitazama kwa muda, akanipapasa shavu, akalala kwa amani kabisa, na siku chache baadaye tulimzika. Sijui nilimkubalia nini.